POVU LENYE KAZI: SKIMA YA TANGI LETU LA SAMAKI

Ikiwa wewe ni mkaazi wa pwani basi povu la bahari si jambo geni kwako. Wakati wa kusi, hasa mwezi wa Juni na Julai, mawimbi hupiga kwa nguvu, na ukienda ufuoni asubuhi utakuta mstari mrefu wa povu. Pengine ni jeupe, pengine limegeuka hudhurungi, nalo linatetemeka kwa upepo kama uji uliopoa. Watoto hulipiga teke wakacheka. Watu wazima husema ati ni sabuni ya meli. La hasha! Mara nyingi povu lile limetokana na vitu vilivyokuwa hai baharini: mabaki ya mwani, ute, mayai ya samaki, vijidudu vilivyokufa. Vitu hivyo vikiyeyuka majini halafu mawimbi yakaviumua pamoja na hewa, hupanda juu vikawa povu.

Sasa kuna chombo ambacho hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya bomba lisilozidi urefu wa mkono wangu. Wenye biashara ya samaki wa mapambo hapa Mombasa hukiita skima, nami nitakiita hivyo hivyo. Nilipotangaza katika mkutano wa chama kwamba nitaandika makala kuhusu skima, wenzangu wawili waliangua kicheko. Walisema mambo ya sayansi hayasemeki kwa Kiswahili, na kwamba nitaishia kuandika "kile kidude" kila mstari. Basi na wasome mpaka mwisho kisha wahesabu vidude.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili linatuhusu. Shule yetu ya kutwa ina tangi la kioo katika maabara ya biolojia. Urefu wake ni sentimita 120, upana 40, kimo 50. Ukizidisha utapata lita 240 za maji ya bahari, yaani mitungi 12 ya lita 20. Ndani yake mna vitatange wawili, kangaja mdogo mmoja na matumbawe kadhaa. Maji hayo hayatoki mferejini. Sisi wanachama wa klabu ya sayansi huyateka baharini na kuyaleta kwa mkokoteni, na kila Ijumaa tulikuwa tukibadilisha robo ya tangi, mitungi mitatu. Kule ufuoni mtungi wa lita 20 ni mzigo wa kawaida. Ukifika kwenye kile kilima kilicho nyuma ya soko, ni mzigo wa adhabu. Muhula wa kwanza wanaobeba walipungua, wiki mbili zikapita bila maji mapya, na samaki wawili wakafa. Mwalimu mkuu alitwambia waziwazi kwamba ikiwa samaki wengine watakufa, tangi litauzwa na nafasi yake itawekwa kabati la vitabu.

Hapo ndipo mjomba alipoingia. Mjomba wangu (naye huniita mjomba vilevile) anafanya kazi katika banda la samaki wa mapambo. Huenda wasomaji wa bara hawajui biashara hii. Wapigambizi huwakamata samaki wadogo wenye rangi nzuri katika miamba ya Kilifi, Kwale na kwingineko. Samaki hao hutunzwa kwenye matangi kwa siku kadhaa, kisha hutiwa katika mifuko yenye maji na oksijeni wakasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, Marekani na nchi nyingine. Mjomba anasema samaki akifa bandani, jasho la mpigambizi limekwenda bure na kiumbe wa Mungu amekwenda bure pia. Kwa hivyo pale bandani skima hazizimwi usiku wala mchana. Walikuwa na moja kuukuu ambayo hawaitumii tena, wakaipa shule.

Tatizo ni kwamba kila mtu alikuja na maneno yake. Muuzaji mmoja wa vifaa vya samaki alituhakikishia kwamba mwenye skima habadilishi maji tena maisha. Mwenzetu mmoja naye akasema skima ni ya kupoteza stima tu. Ikabidi tujifunze jinsi ya kuifunga, na zaidi ya hapo, jinsi ya kuipima.

Uchafu wa tangi ni uchafu gani? Samaki hula, hunya na hupumua. Chakula kisicholiwa huzama na kuoza. Katika somo la biolojia tumefundishwa kwamba protini ikioza hutoa amonia, bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu hata zikiwa kidogo sana. Nitrati si kali kiasi hicho, lakini hujirundika siku baada ya siku, hulisha mwani mpaka kioo kikawa kijani, na matumbawe hayaipendi. Baharini kuna maji mengi kupita kiasi na viumbe wengi wa kuitumia. Ndani ya lita 240 haina pa kwenda.

Vichujio vingi vya tangi, kama vile sifongo, hunasa uchafu lakini huuacha mumo humo majini. Unaoza ukiwa ndani ya sifongo. Skima hufanya kazi mapema zaidi. Huushika uchafu ukiwa bado ni protini, mafuta na ute, ukautoa nje ya maji kabisa kabla haujaoza. Ni kama mtu anayeondoa sahani mezani kabla nzi hawajafika.

Je, huushikaje? Molekuli nyingi za protini na za mafuta zina pande mbili. Upande mmoja unapenda maji na upande wa pili unayachukia. Zikiwa katikati ya maji, ule upande wenye chuki hauna raha hata kidogo, unatafuta pa kutokea. Kiputo cha hewa kikipita karibu, molekuli hujibandika penye mpaka wa hewa na maji: upande mmoja umeelekea hewani, mwingine umebaki majini. Wote wawili wameridhika. Kiputo kinapopanda kinaendelea kuokota abiria kama matatu ya asubuhi, na kikifika juu hakipasuki upesi kwa sababu ngozi yake imeimarishwa na abiria hao. Viputo hurundikana, vikawa povu, povu likasukumwa na povu jingine kutoka chini, likapanda shingo ya skima na kumwagikia kikombeni. Huko halirudi tena.

Ukifahamu hayo utaona kwa nini viputo lazima viwe vidogo. Nilipiga hesabu hii mwenyewe na mwalimu wa fizikia akaikagua. Chukua lita 1 ya hewa. Ukiigawa katika viputo vyenye upana wa milimita 5, ngozi za viputo vyote ukizitandaza zitakuwa mita mraba 1.2, kama meza ya mwalimu hivi. Ukiigawa hewa ile ile katika viputo vya nusu milimita, utapata mita mraba 12. Hiyo ni sakafu ya chumba cha mita 3 kwa 4! Hewa haikuongezeka hata chembe, bali mahali pa kujibandika pameongezeka mara kumi. Tena viputo vidogo hupanda polepole, kwa hivyo vinakaa majini muda mrefu zaidi vikiokota. (Kanuni ni hii: zidisha ujazo kwa 6 kisha gawanya kwa upana wa kiputo. Asiyeniamini achukue kalamu.)

Jambo la pili ni chumvi. Skima ya aina hii haifai kitu katika bwawa la ngege la maji matamu. Unaweza kuona sababu yake nyumbani. Chukua chupa mbili za soda zilizo safi, moja itie maji ya mferejini, nyingine maji ya bahari, nusu nusu. Zifunge, zitikise kwa nguvu ile ile, kisha ziweke mezani. Katika maji matamu viputo hugongana, vikaungana kuwa vikubwa na kuruka juu mara moja. Katika maji ya bahari chumvi huvizuia visiungane kwa urahisi, kwa hivyo vinabaki vidogo na maji yanakuwa kama yametiwa maziwa kwa muda. Nimelifanya jaribio hili mbele ya wadogo zangu, wakadhani ni mazingaombwe.

Skima yetu ina sehemu nne. Chini kuna pampu ya umeme. Gurudumu lake limejaa vijiti vidogo kama brashi, navyo huikatakata hewa inayovutwa kupitia mpira mwembamba. Juu ya pampu kuna kiwiliwili, bomba pana la plastiki ambamo maji na viputo huchanganyika. Kiwiliwili hujibana kuwa shingo, na juu ya shingo kuna kikombe chenye kifuniko. Pembeni kuna bomba la kutolea maji yaliyosafishwa, nalo lina koki. Zamani mambo yalikuwa sahili zaidi. Skima za mwanzo zilizotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1960 zilitumia pampu ya hewa na kipande cha mti chenye vitundu vidogo sana. Mpaka leo wako wanaozitengeneza hivyo kwa mabomba ya plastiki, na zinafanya kazi, ila mti huoza na lazima ubadilishwe kila baada ya majuma machache.

Sasa tuje kwenye kuifunga. Kwanza osha sehemu zote kwa maji na siki. Usitumie sabuni! Sabuni ikibaki hata tone, skima itatoa povu kama ndoo ya dobi na samaki wataumia. Halafu ipeleke kwenye tangi la chini. Kwetu, chini ya tangi kubwa kuna tangi dogo. Maji hushuka humo kwa bomba na kurudishwa juu na pampu nyingine. Skima husimama humo, nayo inataka kina cha maji kisichobadilika. Kila skima ina kina chake kilichoandikwa na mtengenezaji. Yetu inataka sentimita 18, na kwa kuwa maji ya tangi letu dogo yalikuwa na kina cha 24, fundi seremala wa mtaani alitutengenezea kigoda cha plastiki cha sentimita 6. Hakikisha imesimama wima. Ikiinama, povu hupanda upande mmoja tu wa shingo.

Kina hiki kina ujanja wake. Jua la Mombasa hukausha maji kila siku, na chumvi haikauki pamoja nayo. Kina kikishuka, povu nalo linashuka, mtu akadhani skima imeharibika. Kwa hiyo tumechora mstari mwekundu kwenye kioo cha tangi dogo, na kila asubuhi aliye zamu huongeza maji matamu hadi kwenye mstari. Nasema maji matamu, si ya bahari, kwa sababu kilichopotea hewani ni maji peke yake. Hidromita isome 1.025 hivi.

Usisahau umeme. Waya wa pampu lazima ushuke chini kuliko soketi kwanza, ndipo upande kuingia kwenye soketi. Maji yakitiririka kwenye waya yatadondoka pale chini penye pindo badala ya kuingia kwenye soketi. Mikono iwe mikavu. Hapa sitaki mzaha.

Ukishawasha, fungua koki yote. Kisha uifunge kidogo kidogo mpaka uone mpaka wa maji na povu umesimama pale shingo inapoanzia. Halafu, msomaji, keti mikono mapajani. Koki ikiguswa, skima huchukua nusu saa au zaidi kutulia. Mwenzetu mmoja aliigeuza mara tano katika mapumziko ya saa nne, na kengele ilipolia kikombe kilikuwa kimefurika maabara nzima ikanuka pwani. Tena skima mpya, au kuukuu iliyooshwa, haifanyi kazi vizuri siku za mwanzo. Plastiki yake inahitaji kupata utando wa ute kwanza. Yetu ilichukua siku sita. Siku mbili za kwanza haikutoa kitu, siku ya tatu ikatoa maji matupu, siku ya sita ndipo tukapata uchafu wenyewe, rangi ya chai ya rangi. Nyingine huchukua hata majuma mawili. Watu wengi huirudisha dukani katika siku hizo, wakisema wameibiwa.

Hapa sasa ndipo penye ubishi: utajuaje kwamba inafanya kazi?

Wengi hutazama kikombe. Kikijaa wanafurahi. Kipimo hiki kinadanganya, maana ukiifunga koki sana kikombe kitajaa maji ya bahari ya kawaida kwa saa moja, na hujaondoa uchafu wowote wa maana. Kinyume chake, kikombe chenye uchafu kidogo mweusi kama kahawa tungu kinaweza kuwa kimebeba zaidi. Usiende kupita kiasi upande huo pia. Povu likikauka mno hukwama shingoni, na mengine huporomoka na kurudi majini. Sisi tumechagua katikati, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Shingo tunaifuta mara mbili kwa wiki kwa kitambaa safi, kwa sababu utando mnene wa mafuta huliangusha povu. Ndiyo maana pia povu hushuka kwa saa kadhaa baada ya kulisha chakula chenye mafuta, au mtu aliyetoka kula mahamri akitia mkono majini. Si ubovu. Litarudi lenyewe.

Ukitaka povu lililo chepechepe, kumbuka kwamba kila unachomwaga kikombeni ni maji yenye chumvi. Ukijaza pengo lake kwa maji matamu, chumvi ya tangi itapungua pole pole bila wewe kujua. Kwa hiyo tumekitia kikombe alama. Kiasi kilichomwagwa hurudishwa kwa maji ya bahari, na kilichokaushwa na jua hurudishwa kwa maji matamu. Hesabu ni mbili, msizichanganye.

Lakini kikombe kinakwambia kilichotoka tu. Hakikwambii kilichobaki. Kwa hivyo tulipima maji yenyewe. Majuma mawili skima ilizimwa, majuma mawili ikawashwa. Kabla ya kila kipindi tulibadilisha mitungi mitatu. Chakula kilikuwa kile kile, kipande cha kamba na mwani uliopimwa kwa kijiko kile kile, na aliyelisha alikuwa mtu mmoja, kwa sababu wako wenye huruma nyingi na mikono mizito. Tulitazama mambo matatu.

La kwanza ni rangi. Tulijaza chupa moja maji ya tangi na nyingine maji mapya ya bahari, tukaziweka juu ya karatasi nyeupe na kuchungulia kutoka juu. Mwisho wa kipindi kisicho na skima maji ya tangi yalikuwa ya manjano waziwazi kama mkojo wa asubuhi, samahani kwa mfano huo. Mwisho wa kipindi chenye skima ilibidi mtu akodoe macho ili aone tofauti. Kipimo hiki hakina gharama yoyote, na kwangu mimi ndicho kilichonishawishi zaidi.

La pili ni nitrati. Mjomba alitupa dawa ya matone ambayo hubadilisha rangi ya maji katika kijineli. Nitrati iliongezeka vipindi vyote viwili, ila kwa skima iliongezeka polepole zaidi. Tofauti haikuwa kubwa, na rangi za chati ya dawa hiyo zinakaribiana mno. Nisingependa mtu anukuu makala haya akisema tumethibitisha. Tulikuwa na tangi moja tu.

La tatu hatukulitarajia. Aliye zamu alifika kabla ya gwaride na kuhesabu mara ngapi kangaja anafungua na kufunga mashavu kwa dakika moja. Wakati skima ilipokuwa imezimwa alipumua kwa haraka zaidi alfajiri. Sababu ni oksijeni. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hayawezi kubeba oksijeni nyingi, ni miligramu 6 na kitu tu kwa lita, na usiku mwani nao huitumia. Skima inayopuliza viputo mchana kutwa na usiku kucha huingiza hewa majini. Pengine katika nchi hizi zenye joto faida hiyo ni kubwa sawa na ya kutoa uchafu, ingawa vitabu huitaja kwa sentensi moja na kupita.

Je, muuzaji alisema kweli kwamba tusibadilishe maji tena? Hakusema kweli. Skima haiwezi kushika nitrati ambayo tayari imo majini, wala amonia, kwa kuwa hizo hazina upande unaochukia maji. Hata uchafu wa protini na jamii yake hauushiki wote. Mwaka wa 2009 wataalamu wa kemia wa Pennsylvania State University, Marekani, wakiongozwa na Ken Feldman, walichapisha vipimo vya skima kadhaa za bei mbalimbali. Walipima kaboni iliyo katika uchafu wa viumbe, wakaona kwamba skima huondoa sehemu tu, thuluthi moja au chini yake, kisha zinafika ukomo hata zikiachwa zikifanya kazi. Kilichobaki hakitaki kujibandika kwenye viputo. Na skima ya bei ghali haikuipita sana ya bei nafuu. Niliposoma hayo nilicheka, nikakumbuka bei tulizotajiwa dukani. Yule aliyesema skima inapoteza stima naye hakushinda, kwani thuluthi ya uchafu ikitoka kila mara, siku baada ya siku, si kitu kidogo kwa kangaja anayeishi humo.

Uamuzi wa klabu ukawa kubadilisha mitungi mitatu kila baada ya majuma mawili badala ya kila juma. Kwa hesabu ya muhula wa majuma 12 tumetoka mitungi 36 hadi 18. Mimi binafsi nilitaka tuendelee kila juma kwa mwezi mmoja zaidi tukipima, lakini kura zilipigwa na wabebaji walikuwa wengi kuliko wapimaji. Tumekubaliana jambo moja: siku chupa ya tangi itakapoonekana ya manjano kwenye karatasi nyeupe, mkokoteni utatoka hata kama ni Jumatatu.

Stima ikipotea, aliye karibu na maabara akimbie kufungua koki ya skima. Umeme unaporudi ghafla, maji huruka juu yakajaza kikombe kabla mtu hajafika. Mpira wa hewa nao huziba kwa chumvi, hivyo kila Ijumaa tunaupitishia maji matamu ya vuguvugu. Uchafu wa kikombe unamwagwa chooni, si kwenye bustani ya kilimo, maana una chumvi na sukumawiki za kidato cha pili zitakauka.

Likizo ya Agosti ndiyo inayotupa wasiwasi, kwa sababu shule ya kutwa ikifungwa hubaki bawabu peke yake. Ufunguo wa maabara utakaa kwa mwalimu wa biolojia anayeishi jirani. Zamu ni za siku mbili mbili na majina yamebandikwa mlangoni. Nafasi ya tarehe 19 na 20 bado ni wazi. Anayetaka aniandikie jina lake nyuma ya daftari la klabu, hata wale wawili waliocheka.